Kiswahili katika Santuri za Jazi

Neno "jazi" si geni masikioni mwa Mtanzania. Wazee wetu walicheza dansi la Dar es Salaam Jazz, bendi iliyokuwapo tangu miaka ya 1930; waliokuja baadaye wakazifuata Morogoro Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, na NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964. Lakini mwanafunzi anayeyasoma majina hayo leo, akadhani kwamba bendi hizo zilipiga muziki ule ule uliozaliwa New Orleans, atakuwa amekosea. Wapigaji wetu walijifunza zaidi kutoka katika santuri za Cuba, hasa zile za mfululizo wa G.V. zilizoanza kuuzwa katika Afrika miaka ya 1930, na baadaye kutoka kwa ndugu zetu wa Kongo. Neno jazi kwao lilikuwa kama cheo. Lilimwambia msikilizaji kwamba bendi ina magitaa na tarumbeta, kwamba wapigaji wamevaa suti, na kwamba ukumbi una sakafu ya kuchezea watu wawili wawili. Neno liliazimwa, muziki ukabaki wa kwetu.

Makala haya yahusu safari ya upande wa pili, ambayo haijasimuliwa sana katika shule zetu. Wakati sisi tulipokuwa tukiazima neno moja kutoka kwa Wamarekani Weusi, wao nao walikuwa wakiazima maneno kutoka kwetu, wakiyaandika juu ya majalada ya santuri, wakiyafanya majina ya nyimbo na hata majina yao wenyewe. Kiswahili kilisikika katika studio ya New York mwaka mmoja kabla Tanganyika haijapata uhuru wake. Jambo hilo tulilijua kwa bahati, nasi twaona yafaa kueleza bahati hiyo ilivyotufikia.

Tunaposema "sisi" hapa hatufuati desturi ya waandishi tu. Tulikuwa watu kweli, saba au wanane, tuliokuwa tukikutana mjini Dar es Salaam Jumamosi alasiri, nyumbani kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya uhasibu. Mwandishi wa maneno haya aliingizwa katika baraza hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwa karani kijana asiyejua hata namna ya kushika santuri bila kuitia alama za vidole. Walikuwapo walimu wawili, fundi redio, baharia wa zamani, na mama mmoja muuguzi ambaye kwa kumbukumbu ya majina na miaka aliwapita wanaume wote. Santuri zilipatikana kwa njia zile zile zilizoleta vitu vingi vya mbali katika miji ya pwani: mabaharia, wanafunzi waliorudi kutoka masomoni, na wageni waliouza vyombo vyao walipomaliza mikataba. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Hata nyimbo za Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro zilitiwa katika santuri Nairobi. Kwa hiyo kila santuri iliyoingia katika nyumba ile ilikuwa na hadithi ya safari yake, na mwenye nayo hakuruhusiwa kuiweka kwenye mashine kabla ya kuisimulia.

Baraza lilikuwa na sheria zake, japokuwa hakuna aliyeziandika. Kila mtu alileta santuri moja tu, ile aliyoipenda kuliko zote juma lile. Alipaswa kutaja nani anapiga, wapi, na mwaka gani. Asiyejua alisaidiwa, na aliyebuni alichekwa mwezi mzima. Sindano ikishashuka, hapana kusema. Mazungumzo yalianza upande wa santuri ulipokwisha, na hapo ndipo chai ilipoletwa na ugomvi ukaanza.

Ugomvi mkubwa ulihusu waimbaji. Walimu wetu wawili walikuwa watu wa Ella Fitzgerald, aliyeishi kuanzia 1917 hadi 1996, na hoja yao ilikuwa ya kiualimu: matamshi yake ni safi, kila neno lasikika, na sauti haitetereki. Fundi redio alimtetea Sarah Vaughan, kwa sababu, alisema, hakuna kipaza sauti kilichopata kuutendea haki upana wa sauti ile. Mzee mwenye nyumba alikuwa mtu wa Billie Holiday. Alipoulizwa sababu hakutoa hoja yoyote. Aliweka santuri.

Twakumbuka vizuri siku ya santuri iliyorekodiwa Aprili 1939, ambayo jina lake twaweza kulifasiri "Tunda Geni". Maneno yake yalitungwa na Abel Meeropol, mwalimu wa shule katika mji wa New York, juu ya watu weusi walionyongwa mitini na makundi ya wazungu katika majimbo ya kusini ya Marekani. Kampuni kubwa iliyokuwa na mkataba na Billie Holiday haikutaka kuirekodi, akaipeleka kwa Milt Gabler, mtu aliyekuwa na duka la santuri lililoitwa Commodore, naye akaitoa kwa lebo yake ndogo. Mama muuguzi hakujua Kiingereza cha kutosha kuufuata wimbo, akaomba afasiriwe. Sisi tuliokuwa tukijiita washairi tulianza kubishana: je, ni "tunda la ajabu" au "tunda geni"? La ajabu laweza kuwa zuri. Geni ni lile ambalo mti haukulizaa. Tulipokubaliana juu ya "geni" na kueleza tunda lenyewe lilikuwa nini, yule mama alikaa kimya, kisha akasema kwamba alikuwa ameshaelewa kabla hatujafasiri, kwa namna mwimbaji alivyokuwa akivuta pumzi. Tangu siku hiyo walimu wetu walipunguza hoja ya matamshi safi.

Hata hivyo Ella naye alipata haki yake. Mwezi Februari 1960, akiimba mjini Berlin mbele ya umati mkubwa, alisahau maneno ya wimbo katikati. Badala ya kunyamaza alitunga mengine papo hapo, akijicheka ndani ya mizani bila kuiacha, na kosa hilo likatiwa katika santuri kama lilivyo na kumpatia tuzo. Yeyote aliyepata kuhudhuria mashindano ya kujibizana kwa mashairi atamtambua mara moja. Malenga hapimwi kwa shairi alilolihifadhi. Hupimwa siku beti zilipomponyoka.

Hatukuwa watu wa ajabu kwa kukutana namna hiyo. Historia ya jazi, tofauti na historia ya muziki wa kanisani au wa mahakama za wafalme, kwa sehemu kubwa ilitunzwa na mabaraza ya wapenzi. Santuri ya kwanza iliyobeba jina la jazi ilitolewa mwaka 1917, na bendi yenyewe ilikuwa ya wazungu, jambo linaloonyesha jinsi milango ya studio ilivyokuwa imefungwa kwa waliouanzisha muziki huo. Mamie Smith alipoimba mwaka 1920 na santuri yake ikanunuliwa na watu weusi kwa wingi usiotazamiwa, ndipo kampuni zilipotambua kuwa kuna soko. Lakini kampuni hazikuandika kumbukumbu. Juu ya lebo uliliona jina la bendi na la wimbo, basi. Aliyepiga tarumbeta alikuwa nani, hukuambiwa. Ni wapenzi waliokaa chini na kusikiliza, wakajifunza kumtambua mpigaji kwa pumzi yake kama mchungaji anavyotambua mlio wa ng'ombe wake. Paris waliunda Hot Club de France mwaka 1932, na mmoja wao, Charles Delaunay, alitoa mwaka 1936 kitabu cha kuorodhesha santuri za jazi pamoja na wapigaji wake. Gabler yule yule wa Commodore alikuwa katika wale wa kwanza kuandika majina ya wapigaji wote juu ya lebo za santuri alizozitoa upya. Na katika Urusi, santuri za namna hiyo zilipokuwa hazipatikani baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana walichonga nyimbo juu ya picha za eksirei zilizotupwa na hospitali, ukasikia saksafoni ikitoka katika mbavu za mtu. Mama muuguzi aliifurahia sana habari hiyo.

Sasa tuje kwenye lugha.

Katika miaka ya 1950 wapigaji wa jazi walianza kuchukua majina kutoka katika ramani yetu. Mwaka 1956 Buddy Collette wa California alitoa santuri iliyoitwa Tanganyika. Mwaka 1958 Wilbur Harden na John Coltrane walirekodi wimbo wa Curtis Fuller ulioitwa "Tanganyika Strut", maana yake mwendo wa maringo wa Tanganyika. Ukweli ni kwamba ndani ya santuri hizo hamna Tanganyika. Ni muziki mzuri sana wa Marekani uliopewa jina lenye mlio mtamu. Katika kazi hiyo hiyo ya mwaka 1958 umo pia wimbo ulioitwa "Gold Coast", ilhali nchi hiyo ilikuwa imeshalitupa jina hilo tangu Machi 1957 na kujiita Ghana. Hatuwalaumu. Ramani ilikuwa ikibadilika kuliko mafundi wa chapa walivyoweza kufuata, na mtu aliyefungiwa milango nyumbani kwake ana haki ya kuota nyumba nyingine hata kama haijui anwani yake. Lee Morgan, mpiga tarumbeta, alipotoa heshima kwa Kenyatta katika wimbo aliourekodi Februari 1964, Kenya ilikuwa na uhuru wa miezi miwili tu. Hapo twaona kwamba habari zilikwisha anza kufika kwa wakati.

Lakini kati ya jina lililoazimwa na lugha iliyosemwa kuna umbali, na mtu aliyeuvuka umbali huo ni Randy Weston.

Weston alizaliwa Brooklyn mwaka 1926. Baba yake alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey, akamfundisha mwanawe kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Kijana alikua mrefu ajabu, akapiga piano kwa vidole vizito vilivyojua kusubiri. Mwaka 1960 ulipowadia, nchi 17 za Afrika zilipata uhuru katika mwaka huo mmoja, na New York, kwa sababu ya Umoja wa Mataifa, ikajaa wajumbe wa Kiafrika. Weston alitaka kutunga muziki mkubwa wa kuupokea uhuru huo, na hakutaka usemwe kwa lugha ya watawala peke yake. Akaenda kuwauliza wanadiplomasia wa Kiafrika ni lugha gani ingeweza kulisimamia bara zima. Jibu alilopewa, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, lilikuwa Kiswahili.

Tumesoma jibu hilo mara nyingi na bado twalistaajabia. Hatupaswi kusahau kwamba mwaka 1960 Kiswahili hakikuwa lugha rasmi ya dola yoyote huru. Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza, na Kenya na Zanzibar vilevile. Lugha ilichaguliwa kabla serikali haijaizindua, na kisa chake ni kile kile kilichoifaa TANU mikutanoni: haikuwa mali ya kabila moja, na hakuna aliyejiona mgeni ndani yake.

Maneno ya utenzi huo yalitungwa kwa Kiingereza na Langston Hughes, mshairi mkubwa wa Wamarekani Weusi, ambaye pia aliandika maelezo ya jalada. Aliyeyatia katika Kiswahili na kuyasoma mbele ya kipaza sauti alikuwa Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, ambaye baadaye alijulikana katika siasa za nchi yetu. Muziki ulipangwa na Melba Liston, mwanamke aliyepiga tromboni wakati ambapo wanawake waliruhusiwa kuimba tu, na ambaye kwa maoni yetu hajapewa hata nusu ya sifa zake. Kazi ilirekodiwa mwezi Novemba 1960. Wapigaji walikuwa zaidi ya 20: wapo Max Roach na Charlie Persip wenye ngoma za Kimarekani, Babatunde Olatunji wa Nigeria, Candido na Armando Peraza wa Cuba, wapo Clark Terry na Freddie Hubbard wa tarumbeta, Yusef Lateef wa saksafoni na filimbi, Ron Carter na George Duvivier wa besi. Waimbaji walikuwa Martha Flowers na Brock Peters. Jina la santuri ni Uhuru Afrika, na sehemu zake ni nne: "Uhuru Kwanza", "African Lady" iliyotungwa kumsifu mwanamke wa Kiafrika, "Bantu", na "Kucheza Blues".

Kwetu haikufika kama santuri. Ilifika kama kaseti, nakala ya nakala, iliyoletwa na mmoja wa wale walimu kutoka kwa jamaa yake aliyekuwa akisoma ng'ambo. Sheria ya baraza ilimtaka aseme kwanza, lakini siku ile aliomba ruhusa asiseme kitu. Akabonyeza. Zikasikika ngoma, kisha sauti ya mwanamume ikaanza kusema Kiswahili: si Kiswahili cha kamusi wala cha mgeni aliyefundishwa kutamka, bali cha mtu aliyelelewa katika nchi yetu na kusimama darasani akisoma kwa sauti. Baharia wa zamani, ambaye kwa desturi alisinzia baada ya chai, alifumbua macho akauliza, "Huyu ametokea wapi?" Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa sheria ya kimya kuvunjwa, na hakuna aliyemkemea.

Kaseti ilirudiwa mara nne. Mara ya pili mwalimu wa Kiswahili alikwisha kupata kosa: ilipasa kuwa "Uhuru wa Afrika", alisema, maana nomino mbili haziwezi kukaa pamoja bila kiunganishi. Tulimjibu, nasi bado twasimama na jibu hilo, kwamba jina lile si kirai cha sarufi bali ni ukelele. Mtu anayepiga ukelele hana nafasi ya viunganishi. Mara ya nne tulikuwa tumeanza kusikia jambo ambalo mara ya kwanza lilitupita, yaani jinsi Liston alivyozipanga tarumbeta zimwitikie msemaji kama kundi la watu mkutanoni linavyomwitikia kiongozi wake, zikianza chini kwa kunong'ona. Aliyepata kuwa kwenye mkutano wa hadhara wa zama zile, au kusimuliwa na wazazi wake, atausikia uwanja mzima.

Santuri hiyo haikuwatajirisha waliotunga. Serikali ya Makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 1964, nasi twaichukua marufuku hiyo kuwa ni uhakiki wa kweli, kwa maana ilithibitisha kuwa maneno yalieleweka. Weston mwenyewe aliendelea na njia yake. Alifika Nigeria mwaka 1961, akaishi Morocco kwa miaka kadhaa, akafariki mwaka 2018 akiwa na miaka 92.

Baada ya hapo Kiswahili kiliingia katika jazi kwa mlango mwingine. Mwaka 1966, Maulana Karenga wa California alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, ambayo jina lake latokana na matunda ya kwanza, na kuipa misingi saba kwa maneno ya Kiswahili, mmojawapo ukiwa Ujamaa. Mwaka uliofuata sisi tulipata Azimio la Arusha. Vijana wengi wa Marekani walianza kujitwalia majina ya Kiswahili, na miongoni mwao alikuwa mpiga ngoma James Mtume, mwana wa mpiga saksafoni Jimmy Heath. Desemba 1969 ami yake, Albert Heath aliyejiita Kuumba, aliongoza santuri iliyoitwa Kawaida, yenye nyimbo kama "Baraka", "Dunia" na "Kamili". Kwa Karenga, neno kawaida lilibeba falsafa nzima ya mila na akili. Kwetu ni jibu la mtu aliyeulizwa habari za nyumbani na hana habari. Tulicheka sana siku ile, na baadaye tukaona haya kidogo, kwani si kosa la mwazimaji kama mwenye mali ameacha kuitazama.

Miongoni mwa wapigaji wa santuri hiyo alikuwapo Herbie Hancock, aliyepewa jina la Mwandishi, na mwaka 1971 akalifanya jina la santuri yake mwenyewe. Bendi yake nzima ilikuwa na majina ya namna hiyo: Mwile alikuwa Bennie Maupin, Jabali mpiga ngoma Billy Hart, Mchezaji mpiga besi Buster Williams, Mganga mpiga tarumbeta Eddie Henderson, na Pepo Mtoto mpiga tromboni Julian Priester. Jina la Mganga lilimfaa mwenyewe kuliko yote, maana Henderson alikuwa daktari aliyehitimu. Juu ya Pepo Mtoto, muuguzi wetu alisema tu kwamba jina hilo haliitwi wodini usiku. Lakini Mchezaji ndilo lililotupa mjadala. Katika Kiswahili ala haichezwi, hupigwa. Mchezaji ni yule aliyeko sakafuni, au uwanjani na mpira. Hapo twamwona mtu ameketi na kamusi, akitafuta neno la Kiingereza lenye maana mbili, akachukua ile isiyo yake. Na jina la Mtume nalo lilimtatiza mzee mwenye nyumba, aliyekuwa Mwislamu wa kusali sala tano; alipousikia wimbo wa Miles Davis wa mwaka 1974 uliopewa jina hilo kwa heshima ya mpiga ngoma huyo, aliomba utajwe kwa namba ya wimbo, si kwa jina.

Fundi redio alishikilia kwamba majina haya yote ni nguo ya kuazima, na kwamba babu za watu hao wengi walichukuliwa kutoka Afrika ya Magharibi na ya Kati, hivyo Kiswahili hakiwahusu. Mwalimu wa historia alimjibu kwa swali: babu zake yeye fundi, huko bara, walikizungumza? Fundi akakiri kwamba hata baba yake alikifunzwa shuleni. Sisi twaona hoja ya mwalimu ni nzito, ila haiwasamehe waazimaji wote sawasawa. Tofauti kati ya Uhuru Afrika na santuri zilizofuata haimo katika ustadi wa muziki, kwani ule wa Mwandishi ni wa kina kirefu, na wimbo wake wa kwanza, ulio juu ya Angela Davis, unakwenda kwa hesabu ya mapigo 15 ambayo miguu ya dansi haiwezi kuifuata. Tofauti imo katika jambo dogo: Weston alimwita msemaji wa lugha aingie studio. Wengine waliita lugha peke yake.

Tena yatupasa kuwa wakweli juu ya upande wetu. Malcolm X alipita Dar es Salaam mwaka 1964. Mkutano wa sita wa Waafrika wote wa dunia ulifanyika katika mji huo huo mwaka 1974. Wamarekani Weusi waliishi na kufundisha kati yetu. Nafasi ya kusikilizana ilikuwapo. Hata hivyo, sauti ya Mtanganyika katika santuri ya mwaka 1960 ilitufikia sisi baada ya miaka 30 na zaidi, kwa kaseti ya jamaa wa mwalimu.

Na kaseti ile haipo tena. Tuliitoa mwaka uliofuata kwa ofisi moja iliyotaka kuinakili kwa ajili ya shughuli ya utamaduni. Iliporudi, upande wa kwanza ulikuwa na hotuba ya ufunguzi wa semina, na wa pili ulikuwa umefutwa kabisa. Kijana aliyetukabidhi hakujua lolote, na hatukuwa na risiti.

Mzee mwenye nyumba alifariki miaka kadhaa baadaye. Tulipokwenda kuhani, tuliona kibarazani vyungu vyeusi vya maua, vyenye kingo za mawimbi kama za kitambaa. Vilikuwa santuri. Wajukuu walizilegeza katika maji ya moto na kuzikunja, ustadi uliokuwa umeenea mjini wakati huo, wakafanya kazi hiyo kwa nia njema ya kuipamba nyumba ya babu yao. Zile za zamani za mizunguko 78 hawakuzigusa, hizo zilipona. Ndiyo maana Bessie Smith wa miaka ya 1920 tunaye hadi leo, na Billie Holiday wa mzee ana mmea ndani yake. Katika chungu kimoja lebo ilikuwa bado yasomeka, Morogoro Jazz, imekunjwa katikati ya jina.

Waliobaki katika baraza sasa ni wanne. Uhuru Afrika imetolewa upya zaidi ya mara moja na leo yasikika katika simu ya mkononi bila gharama kubwa. Mwanachama wetu kijana kuliko wote, mwalimu wa sekondari, aliwasikilizisha wanafunzi wa kidato cha tatu katika kipindi cha ushairi. Anasema hawakuuliza juu ya jazi hata kidogo. Waliuliza yule msemaji ni nani, alisoma shule gani, na kwa nini katamka "uhuru" taratibu vile. Jumamosi ijayo ni zamu yake. Amesema ataleta "Tanganyika Strut" na santuri ndogo ya Mbaraka Mwinshehe aliyoinunua Kariakoo, azipige moja baada ya nyingine, nasi tumemwagiza aje na sindano mpya, kwa maana hii iliyopo imeanza kukwaruza.